Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, wazee wetu wa soko, na vijana mliojiunga mwaka huu,

Assalaam alaikum. Tumsifu Yesu Kristo.

Hesabu atazisoma mhazini, mimi siziingilii. Vikao vya kamati vilifanyika vyote isipokuwa cha Aprili, mvua ilipofunga barabara ya Jangwani na nusu ya wajumbe wakabaki ng'ambo ya Msimbazi. Hiyo ndiyo faida pekee ya mto tuliyopata sisi wauza nafaka wa Dar es Salaam: kuahirisha kikao.

Nautaja mto kwa sababu. Mkutano uliopita kijana mmoja aliuliza inakuwaje miji mikubwa ya nafaka imekaa mitoni, wakati mahindi yetu yanakuja sokoni Tandale kwa malori kutoka Songea na Sumbawanga. Niliahidi kumjibu. Katika kusoma nimekutana na jambo lililotugombanisha mwaka mzima, yaani mizani.

Mto ndio ulioanza, hilo halina ubishi. Shehena ya mashua moja ingehitaji mikokoteni mingapi? Roma ililishwa na ngano ya Misri, iliyoshushwa karibu na mdomo wa Mto Tiber. Karne ya 16 na 17 nafaka ya Poland iliteremka Mto Vistula hadi Gdańsk, na mfanyabiashara mgeni ilimbidi apitie kwa wenyeji wa mji. Madalali, mnaona hamkuanza leo.

Lakini kisa kilichonikalisha ni cha Marekani. St. Louis ulikuwa kando ya Mississippi, mto wa kweli. Chicago ulikuwa na kijito cha tope kinachoingia ziwani, mpaka mwaka 1848 ulipofunguliwa mfereji wa kuuunganisha na mito inayokwenda Mississippi. St. Louis nafaka ilifika kwenye magunia: kuli anashusha moja moja, na kila gunia lina mwenyewe. Chicago waliyafungua magunia. Walitumia maghala ya mashine ya mvuke, aina aliyoianzisha Joseph Dart huko Buffalo mwaka 1842, ambapo ndoo zilizofungwa kwenye mkanda hupandisha ngano juu kisha kuimwaga kama maji.

Sasa ngano yangu ikimwagwa juu ya yako, nani atajua ipi ya nani? Ikabidi wapatane. Soko la nafaka la Chicago liliweka madaraja ya ngano mwaka 1856, na mwenye mali akawa anaondoka na stakabadhi ya uzito na daraja. Karatasi ile ikauzwa yenyewe, mzigo umelala ghalani. Reli nayo ilisaidia sana, nisiwadanganye, lakini Chicago ukaupita mji wenye mto mkubwa. Wala wenye maghala hawakuwa malaika. Wakulima walilia mpaka jimbo la Illinois likatunga sheria, na mwaka 1877 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema ni halali serikali kuwawekea wenye maghala kikomo cha ushuru wanaowatoza wenye mizigo.

Turudi kwetu. Julai nilisimama nyuma ya lori la mwenzetu mmoja. Magunia yamevimba juu, lumbesa tupu, yameshonewa kipande cha gunia jingine kama kilemba. Kijana akachoma bambo, kile kichuma cha kutolea punje za kuonea, ubavuni: mahindi meupe, makavu, yanalia mkononi. Akachoma chini kabisa, zikatoka punje zenye joto na harufu ya ukungu. Mnunuzi hakusema neno, akawasha pikipiki. Mzigo wa wanachama wengine wawili uliokuwa pembeni nao haukuuzwa siku ile, na wao hawakuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo kamati imeamua, na naleta kwenu mpige kura. Tununue mizani mbili na kipima unyevu kimoja kwa fedha za mfuko wa ghala. Mahindi yanayozidi unyevu wa asilimia 13.5 yaanikwe kwanza, yasichanganywe. Lumbesa isipokewe, hata ikiletwa na mwenyekiti. Najua wapo watakaosema wakulima watatukimbia na kwenda kwa wanaonunua kwa macho. Wapewe nafasi waseme, ila waje na gunia moja moja kutoka kwenye vibanda vyao. Bambo ninalo hapa mezani.