Heri ya Krismasi kutoka chini ya mtufaha

Ndugu zangu wa gofu, wachezaji nanyi mnaobeba mifuko yao, heri ya Krismasi na Mwaka Mpya!

Msimu huu mawazo yangu yako kwa John Reid, Mskoti aliyekuwa akiishi Yonkers, karibu na jiji la New York. Rafiki yake Robert Lockhart alimletea kutoka Scotland fimbo sita na mipira dazeni mbili. Tarehe 22 Februari 1888, jua lilipochomoza katikati ya baridi, Reid akawaita marafiki kwenye malisho ya ng'ombe, wakapanga mashimo matatu. Fimbo hazikutosha. Wawili wakacheza, waliobaki wakatazama, na nina hakika watazamaji ndio waliofaidi kicheko.

Mwezi uliofuata theluji kubwa ikafukia kila kitu. Ilipoyeyuka wakahamia shamba la muuza nyama mmoja, na Novemba 14 wakakusanyika nyumbani kwa Reid, wakaunda klabu ya St. Andrew's. Mwaka 1892 mji ukapitisha barabara uwanjani mwao. Wakahamia bustani ya matufaha, mashimo sita tu. Jengo la klabu lilikuwa mti: makoti yalitundikwa matawini, na chakula cha mchana vilevile. Mimi nimeshaingia klabu zenye mazulia manene ambamo hakuna anayeitikia salamu. Mti ule, nadhani, ulikuwa na ukarimu zaidi.

Kilichonigusa hasa ni Desemba yao ya 1894. Mwaka huo klabu mbili, Newport na hiyo ya St. Andrew's, ziliandaa kila moja mashindano yake, nchi ikabaki na mabingwa wawili wa ridhaa. Maneno yakawa mengi. Basi tarehe 22, siku tatu kabla ya Krismasi, wajumbe wa klabu tano wakaketi meza moja, wakaanzisha chama kinachosimamia gofu Marekani hadi leo, USGA. Mwaka uliofuata bingwa akawa mmoja.

Kwa hiyo wewe uliyenuniana na mwenzako tangu katikati ya mwaka kwa sababu ya pigo moja ambalo hakuliandika kwenye kadi, mpigie simu kabla ya sikukuu. Nami nina deni la aina hiyo. Nitaanza leo jioni.

Sikukuu njema kwenu na jamaa zenu. Januari tuonane uwanjani, na asiye na fimbo aje tu, tutapokezana zangu.