Mwalimu wa ushauri asiwe huyo huyo wa nidhamu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme juu ya shule zetu za huku Lamu, maanake kila likitokea jambo, mtoto katoroka, bweni limewaka moto, mwalimu kaanguka darasani, tunaitwa kikao tunaambiwa ushauri nasaha uimarishwe, watu wanapiga makofi, kikao kinafungwa kwa dua na basi, hakuna kinachofuata. Mimi ni mzazi, niko kwenye bodi ya shule moja ya sekondari hapa kisiwani, na dada yangu ni mwalimu upande wa bara ya Lamu, kwa hiyo nayasikia ya wazazi na ya walimu pia.

Ninalolitaka ni hili tu, yule mwalimu wa ushauri asikae kwenye kamati ya nidhamu. Shule nyingi ninazozijua ni mtu huyo huyo. Jumatatu anamhoji mtoto kwa nini alionekana nje ya bweni usiku, anamuandikia barua akamlete mzazi, halafu Alhamisi anamwita pembeni kwa sauti ya upole, haya mwanangu niambie unasumbuliwa na nini. Sasa mtoto atasema nini jamani? Atasema yuko sawa, hana neno, na mwalimu ataandika kwenye faili kuwa mwanafunzi ameshauriwa.

Fimbo iliondolewa shuleni mwaka 2001. Mwaka huo huo ndio wanafunzi 67 walifariki kwa moto bwenini shule ya Kyanguli, kule Machakos, na kamati ya serikali iliyoongozwa na Naomi Wangai ikasema kati ya mengine ushauri shuleni utiliwe nguvu. Kisha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakataza adhabu ya viboko na pia kumtesa mtoto kiakili. Kwa hiyo maneno yapo kwenye karatasi zamani sana, kilichokosekana ni muda na chumba. Dada yangu ana vipindi 27 kwa wiki kama walimu wenzake, kazi ya ushauri ameongezewa juu yake bila kupunguziwa hata kipindi kimoja, na hicho kinachoitwa ofisi ya ushauri ni stoo ya vifaa vya michezo. Alinambia kuna msichana wa fomu thrii alikuwa ndo kwanza ameanza kulia, hata hajasema jambo lenyewe, mara akaingia mvulana kuchukua neti ya voliboli, msichana akajifuta uso kwa mtandio akainuka akaenda zake na hakurudi tena. Mpaka leo dada hajui yule mtoto alikuwa na nini, na linamkera mpaka leo.

Na huku kwetu siri ni kitu kigumu, mji wenyewe mdogo, jambo likisemwa mtaa wa Mkomani asubuhi adhuhuri mtaa wa Langoni washalijua, na mwalimu mwenyewe labda ni shangazi wa mtoto au jirani wa mama yake. Ndio maana nasema awepo kaunsela aliyesomea kazi hiyo, wa kaunti, awe anazunguka shule kwa zamu, Faza, Siyu, Kiunga, Mpeketoni, mtoto aongee na mtu ambaye hatakutana naye sokoni jioni. Boti za kaunti zipo, hilo sio la kutushinda.

Tena watoto wetu wamebeba mambo ambayo wa kwengine hawayajui. Mpeketoni mwaka 2014 waliuawa watu zaidi ya 60, na baada ya hapo kukawa na mashambulizi mengine vijijini na barabarani, shule za wadi ya Basuba kando ya msitu wa Boni zikafungwa muda mrefu, watoto wakakaa tu. Hawa wanaomaliza fomu foo sasa walikuwa wadogo kabisa wakati ule, lakini wamelelewa na wazazi wanaoshtuka usiku wakisikia mbwa analia. Mtoto wa hivo akisinzia darasani anaitwa mvivu.

Nyumbani nako tukiona mtoto kanyamaza, hali chakula, tunasema ana jini, anapelekwa kwa maalim anasomewa, anapewa kombe, yale maji yaliyooshewa aya, anywe. Mimi sina neno na dua, nimesomewa, na wanangu pia wamesomewa, dua iendelee. Lakini huyo maalim wetu wa madrasa ndiye mtu wa kwanza kuona mtoto amebadilika, kwa nini shule haimuiti hata siku moja wakaongea pamoja? Na mtoto akijaribu kujitoa uhai, msimfiche wala msimtishe na polisi, Mahakama Kuu ilishasema Januari 2025 kuwa kile kifungu cha kumshtaki mtu kwa hilo kinakwenda kinyume na katiba. Apelekwe hospitali, ni mgonjwa.

Kuhusu walimu wenyewe sijui nianzie wapi. Kuna intani, mwalimu wa mafunzo kazini, wa JSS, yaani sekondari ya chini, analipwa shilingi 20,000 kabla ya makato, katoka bara ya mbali, yuko kisiwa ambacho kusi ikivuma hata boti haitoki, mke na watoto wako kwao, simu ya mkopo inalia kila saa. Huyo ndiye tunamwambia awafariji wanafunzi. Yeye akilemewa atamwambia nani, prinsipo ambaye ndiye anamjazia fomu ya tathmini? Hathubutu, ataonekana kazi imemshinda. Walimu wanaishia kunywa kimya kimya au kuomba uhamisho, na sisi tunabaki kulaumu ati hawapendi watu wa pwani. Wapewe mtu wa nje ya shule wa kuongea naye, na TSC, tume inayoajiri walimu, isiulize walisema nini.

Halafu kuna namba ya simu 116 ya watoto kuomba msaada, haina malipo, inapokelewa usiku na mchana. Imebandikwa ukutani shuleni kwetu vizuri tu, ila mabweni simu haziruhusiwi, sasa mtoto ataipiga na nini? Iwekwe simu moja pahali pa faragha mtoto aweze kuitumia bila kuomba ruhusa na kueleza sababu.

Muhula ukifunguliwa bodi zitakaa. Wazazi wenzangu mlioko kwenye bodi, kabla hamjapitisha bajeti ya basi na geti jipya, ulizeni mwalimu wa ushauri ana vipindi vingapi, anakaa wapi na mtoto, na kama jina lake liko kwenye kamati ya nidhamu litolewe siku hiyo hiyo, hilo halihitaji pesa wala barua kutoka Nairobi.

Mzazi na mwanabodi,
Langoni, Lamu