Patil si raja

Ndugu yangu,

Salaam. Hatujambo, na Mwalimu anakusalimu. Vile vitabu vimemfikia. Nakuandikia upesi kwa sababu ya rasimu yako juu ya Wakoli, jamii ya India, na vyeo vyao. Raja, deshmukh, patil, thakor, wote umewaita wafalme wadogo. Tafadhali, isiende kwa mhariri hivyo.

Kila cheo kiulizie: kilitolewa na nani, kina ardhi gani, na mwenyewe anadaiwa kazi gani. Patil wa Maharashtra alikuwa mkuu wa kijiji. Alikusanya kodi na kutunza amani, naye akapewa shamba lisilotozwa kodi, yaani inam, pamoja na fungu la mavuno. Haki hiyo, vatan, ilirithiwa. Mabishano yalianzia hapohapo: ndugu wakigawana vatan, nyumba mbili tatu za kijiji kimoja zote zilidai upatil, zikashika kazi kwa zamu. Deshmukh alikuwa juu ya patil, akisimamia vijiji vya pargana nzima, yaani wilaya ya kodi. Tena Wamaratha, jamii nyingine ya hukohuko, nao wana vyeo hivyohivyo, kwa hiyo jina la Patil peke yake halithibitishi Ukoli wa mtu.

Raja ukimtaka, nenda Jawhar, ufalme mdogo wa zamani huko Maharashtra, kwa Mahadev Koli (tawi la Wakoli) wa ukoo wa Mukne. Jayaba Mukne ndiye aliyeiteka ile nchi ya milima; mwanawe akatambuliwa na Sultani wa Delhi, Muhammad bin Tughluq, akapewa jina la Nim Shah. Tarehe yake ni 5 Juni 1343, na Jawhar wakaanza kuhesabu miaka yao toka siku hiyo. Waingereza nao wakampa raja wake heshima ya kupigiwa mizinga 9. Patil gani alipigiwa mzinga?

Na mwisho wa vyeo hivyo usiuchanganye. Jawhar iliunganishwa na jimbo la Bombay 1948, wakati wa raja Yashwantrao Mukne. 1971 marekebisho ya katiba ya India yakafuta utambuzi wa watawala wote wa jadi. Upatil wa kodi ulifutwa kwa sheria ya 1962. Police patil unayemsikia leo, yaani patil wa usalama wa kijiji, huteuliwa, harithi.

Thakor wa Gujarat, yaani machifu wa huko, wape sehemu yao. Katika eneo la Mahi Kantha wako waliokuwa na vijinchi vyao, wakilipa ushuru kwa Gaekwad, mtawala wa Baroda.

Ile orodha ya majina uliitoa wapi? Mhariri anaitaka lini? Atakuvumilia wiki moja zaidi? Na mtoto, homa imeshuka?

Wako akupendaye.