Kabla hujaikubali kazi ya ubalozini

Swahiba wangu,

Salamu nyingi sana. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nacheka peke yangu. Yaani kazi ya dawati la viza umeipata, mshahara unaeleweka, kisha mama anakukatalia kwa maneno mawili tu: "Huko kunalipuliwa." Nawe, kwa ujuaji wako, ukamjibu kwa methali kwamba mjumbe hauawi. Sasa mnanitaka mimi, niliyekaa mapokezi ya ubalozi mmoja kwa miaka mitatu, niwaamue.

Kazi siwezi kukuamulia. Ila methali yako naomba uiache nyumbani siku utakayokwenda kusaini mkataba. Watu hawakatazani jambo ambalo halifanyiki. Mjumbe anauawa, na aliuawa tangu zamani. Mwaka 1829 umati uliuvamia ubalozi wa Urusi mjini Tehran, ukamuua balozi Aleksandr Griboyedov pamoja na karibu watu wake wote. Mfalme wa Uajemi alilazimika kumtuma mjukuu wake hadi St Petersburg kuomba radhi, na almasi mkononi. Radhi ilipokelewa. Balozi alikuwa ameshazikwa.

Sheria yenyewe si ngumu kama mawakili wanavyoifanya. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 kuhusu mahusiano ya kidiplomasia umeibeba karibu yote katika kifungu cha 22. Nusu ya kwanza kila mtu anaijua: askari wa nchi mwenyeji haingii ubalozini bila ridhaa ya mkuu wa ubalozi. Nusu ya pili haisemwi sana, nayo ndiyo inayokuhusu wewe utakayekaa karibu na mlango: nchi mwenyeji ina wajibu maalumu wa kuchukua kila hatua ifaayo ili ubalozi usivamiwe, usiharibiwe, amani yake isivurugwe wala heshima yake isishushwe. Na kifungu cha 45 kinaongeza kwamba hata uhusiano ukivunjika, hata vita vikizuka baina ya nchi hizo mbili, majengo yaheshimiwe na yalindwe vilevile.

Hapa nikuondolee uzushi mmoja ambao nimeusikia hata kwa wafanyakazi wenzangu, kwamba ukivuka geti la ubalozi umeshaingia nchi ya watu. Hapana. Ardhi inabaki ya nchi mwenyeji. Kilichozuiwa ni mkono wa serikali yake kuingia bila hodi. Ingekuwa ni nchi ya watu kweli, mwenyeji asingekuwa na deni la kuilinda.

Na deni hilo, swahiba, ndilo kila kitu. Nilipoanza kazi niliamini usalama wetu uko kwenye ukuta, kamera na lile geti zito la chuma. Baadaye nikaelewa kwamba ukuta unakupa dakika chache tu. Wanaozitumia hizo dakika ni polisi wa nje, yaani polisi wa serikali ya pale. Wale wanamaji wa Marekani unaowaona kwenye picha wana kazi kubwa ya kulinda siri za serikali yao na watu waliomo ndani; hawakuwekwa pale wapigane na mji mzima. Wasipokuja polisi, ubalozi ni nyumba tu.

Chukua Tehran ya 1979. Wengi wanaikumbuka Novemba 4, siku wanafunzi walipoparamia kuta za ubalozi wa Marekani, na mwishowe watu 52 wakashikwa mateka kwa siku 444. Wachache wanakumbuka kwamba ubalozi huohuo ulivamiwa Februari 14 mwaka uleule. Safari ile ya kwanza watu wa serikali mpya walifika, wakawaondoa wavamizi, na ubalozi ukarudishwa kwa wenyewe. Geti lilikuwa lilelile na kuta zilezile. Kilichobadilika katika miezi ile tisa hakikuwamo ndani ya ua. Mara ya pili hakuna aliyekuja kuwaondoa, na siku chache baadaye Ayatollah Khomeini akaubariki uvamizi wenyewe.

Marekani ilikwenda kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Iran haikutokea kujitetea. Hukumu ya Mei 24, 1980 naipenda kwa namna ilivyotenganisha makosa mawili: kwanza serikali ilizembea kulinda, kisha ilipokubali kilichofanywa na wavamizi ikakigeuza kuwa kitendo chake yenyewe. Mahakama ikasema pia kwamba mwenyeji anayemshuku mwanadiplomasia ana dawa zake ndani ya sheria hiyohiyo: amtangaze mtu asiyetakiwa, aondoke, au avunje uhusiano, ubalozi ufungwe. Kumfunga kitambaa machoni si mojawapo. Hukumu haikumfungua mtu hata mmoja, nakiri. Mateka waliachiwa Januari 20, 1981, baada ya Algeria kusuluhisha.

Kinachonishangaza ni kilichotokea London katikati ya mkasa huohuo. Aprili 30, 1980, watu sita wenye silaha waliuteka ubalozi wa Iran na kuwashika watu 26, akiwemo polisi wa Kiingereza aliyekuwa analinda mlango. Huyo polisi alikaa na bastola yake imefichwa chini ya koti siku zote sita, watekaji wasijue. Mateka mmoja alipouawa, Waingereza waliwatuma makomandoo wao kuingia kwa madirisha. Mateka mwingine alikufa wakati wa uvamizi, waliobaki wakatoka hai. Fikiria: wanadiplomasia wa Marekani wako mateka Tehran, na rafiki mkubwa wa Marekani anahatarisha askari wake kuokoa watu wa Iran. Lile deni halina masharti ya urafiki.

Upande wa pili wa sarafu nao unauma. Aprili 17, 1984, hapohapo London, risasi zilipigwa kutoka ndani ya ofisi ya ubalozi wa Libya kuelekea waandamanaji nje, zikamuua polisi Yvonne Fletcher aliyekuwa zamu. Polisi walilizingira jengo siku 11 lakini hawakuingia. Uhusiano ukavunjwa na waliomo ndani wakasindikizwa wakapanda ndege. Nilipokuwa kijana nilikiona kitendo kile kuwa ni woga. Leo nasita. Mlango ukishavunjwa mara moja kwa sababu nzuri, watapatikana wengi wenye sababu nzuri. Ecuador ilikuwa nayo yake Aprili 2024, polisi wake walipoingia ubalozi wa Mexico mjini Quito kumkamata Jorge Glas, aliyewahi kuwa makamu wa rais. Mexico ikavunja uhusiano na kwenda The Hague.

Nikuletee karibu zaidi na kwetu. Mwaka 1998 majeshi ya Uganda yalikuwa ndani ya Kongo, na huko Kinshasa askari wa Kongo wakauvamia ubalozi wa Uganda na kuwatesa watu wake. Kesi ilipohukumiwa Desemba 2005, Uganda ilipatikana na hatia ya kuivamia Kongo, na humohumo Kongo ikapatikana na hatia ya kuvunja Mkataba wa Vienna. Aliyedhulumiwa naye aliambiwa: hata hivyo, ubalozi usingeugusa. Januari 28, 2025, mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulipokuwa unaangukia mikononi mwa waasi wa M23, waandamanaji wa Kinshasa waliziendea balozi za Rwanda, Uganda, Kenya, Ufaransa, Ubelgiji na Marekani. Waliochoma na kupora walikuwa na uchungu wa kweli. Lakini aliyekuwa ndani ya ofisi ile huenda alikuwa karani kama utakavyokuwa wewe.

Wakati mwingine mwenyeji anataka kulinda ila hana nguvu. Benghazi, Septemba 11, 2012, balozi J. Christopher Stevens aliuawa pamoja na Wamarekani wengine watatu. Libya haikuwa na polisi wa kutegemewa mjini pale, na ulinzi wa jirani ulikuwa umeachiwa wanamgambo. Ukitaka kujua hatari ya ubalozi, usianze kuuliza ni wa nchi gani. Uliza umesimama kwenye mji unaoongozwa na nani.

Sasa nije kwenye analoogopa mama. Polisi na umati ni jambo moja. Lori lenye bomu ni jingine. Agosti 7, 1998, asubuhi, dakika chache baina ya moja na la pili, malori mawili yalilipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213. Kati yao Wamarekani walikuwa 12. Wengine karibu wote ni Wakenya: wafanyakazi wa ubalozi, wapita njia, abiria, na watu wa jengo la Ufundi lililoporomoka pembeni. Dar es Salaam walikufa 11, na hakukuwamo Mmarekani hata mmoja. Lori la maji lililokuwa limesimama kati ya bomu na jengo ndilo lililopokea sehemu kubwa ya kishindo. Bila hilo tungekuwa tunahesabu idadi nyingine kabisa.

Ubalozi wa Nairobi ulikuwa kwenye makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie, karibu kabisa na barabara. Tangu 1985, baada ya ubalozi wa Beirut kulipuliwa mwaka 1983 na kuua watu 63, tume moja ya Marekani ilikuwa imependekeza majengo ya balozi yakae walau futi 100 kutoka barabarani, yaani kama mita 30. Jengo la Nairobi halikuwa na nafasi hiyo, na balozi Prudence Bushnell alikuwa ameshaandika Washington kulilalamikia. Ilibidi watu wafe ndipo pendekezo liwe sheria, mwaka 1999. Mita 30 zinaonekana si kitu, lakini nguvu ya mlipuko hupungua haraka sana kila unaposogea, na hakuna ukuta unaofanya kazi hiyo kwa ubora kama nafasi tupu.

Ndiyo maana balozi mpya zimehamia pembezoni mwa miji, kwenye viwanja vikubwa vyenye nguzo za zege na mageti mawili mawili, ambapo gari linanaswa katikati likikaguliwa. Nairobi walihamia Gigiri mwaka 2003. London, ubalozi mpya wa Marekani uliofunguliwa 2018 una bwawa zuri upande mmoja. Watalii wanapiga picha, wachache wanatambua kuwa ni handaki kama la ngome za kale. Mimi, nikuambie ukweli, majengo hayo siyapendi. Mjumbe aliyetumwa kuishi na watu amewekwa mahali ambapo watu hawafiki ila kwa miadi. Lakini sijawahi kufiwa na ndugu barabarani, basi nisiwasemee waliofiwa.

Jambo la mwisho kuhusu Nairobi ndilo ninalotaka ulishike. Mlinzi wa geti la nyuma, raia wa kawaida asiye na bunduki, alikataa kuwafungulia wenye lori la bomu. Kukataa kwake kuliliacha lile lori nje ya kizuizi, mbali na maegesho ya chini ya jengo. Mmoja wa washambuliaji akarusha guruneti la kishindo. Waliokuwa kwenye majengo ya karibu wakasikia mlio, wakainuka, wakaenda madirishani kutazama kuna nini. Ndipo lori likalipuka. Wengi walioponyoka na uhai wao walipoteza macho kwa vioo.

Kule nilikokuwa, tulifanya zoezi la dharura mara moja tu katika miaka mitatu. King'ora kikalia. Maelekezo yalikuwa yamebandikwa ukutani, tumeyapita kila asubuhi: lala chini, kaa mbali na kioo, subiri sauti ya ofisa usalama. Nusu yetu tulikwenda dirishani. Mimi nilifika wa kwanza, na kikombe cha chai mkononi. Ofisa usalama hakutugombeza. Alitutazama tu, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaondoka. Kioo kile hakikuwa hata na ile karatasi ya plastiki inayozuia vipande visiruke. Niliuliza, nikaambiwa bajeti inakuja. Nilipoacha kazi ilikuwa bado iko njiani.

Kwa hiyo ukienda kusaini, uliza mazoezi hufanyika mara ngapi. Uliza vioo vimebandikwa nini. Uliza polisi wa nje wanabadilishana saa ngapi, kisha utazame mwenyewe kama kweli wapo saa nane mchana jua likiwaka. Kama ofisi yako itakuwa ya ubalozi mdogo, jua kwamba Mkataba wake wa Vienna ni mwingine, wa 1963, na ukitokea moto wazimamoto wanaweza kuhesabiwa wameruhusiwa kuingia. Ubalozi wenyewe hauna msamaha huo, lazima mkubwa aseme ndiyo. Na wale walinzi wa getini wajue kwa majina tangu wiki ya kwanza.

Mama msalimie sana. Mwambie sijakushauri ukatae wala ukubali, nimekushauri kuhusu meza. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua ile iliyo nyuma ya nguzo, hata kama haina mwanga.

Wako wa siku zote,
yule wa mapokezi