Sanaa ianzie kwenye magoti

Mwanangu Idrisa,

Salamu nyingi, baba. Karatasi ya majaji wa mashindano yako ya kuteleza kwenye barafu uliyonitumia nimeisoma mstari kwa mstari. Ustadi wa kuteleza wamekupa karibu 8.00, uwasilishaji 7.25, nawe unaniambia msimu huu unataka kuongeza mruko mwingine wa mizunguko minne hewani. Subiri kwanza tupige hesabu.

Tangu msimu wa 2022–23 alama za sanaa ni tatu: utunzi, uwasilishaji na ustadi wa kuteleza. Kila moja inaishia 10 na hupanda kwa robo robo, kisha kwa wanaume huzidishwa kwa 1.67 kwenye programu fupi, yaani onyesho la kwanza la mashindano, na kwa 3.33 kwenye ile ndefu, onyesho la pili. Ukipanda robo moja katika zote tatu, kwenye programu zote mbili, umeongeza 3.75. Ukipanda robo tatu, umeongeza 11.25. Ule mruko uitwao Lutzi, wa mizunguko minne, unaokuangusha kila wiki, thamani yake ya msingi ni pointi 11.50. Kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2022 Jason Brown wa Marekani alimaliza wa 6 kwa pointi 281.24, na hakuruka mizunguko minne hata mara moja. Miruko usiiache, kwa kuwa dhahabu ilikwenda kwa Nathan Chen aliyeiruka kwa wingi akafika 332.60. Ila hizi robo tatu ziko karibu nawe kuliko Lutzi, na hazivunji kifundo cha mguu.

Sasa video yako. Mikono yako ni mizuri, lakini inaelea peke yake, na sababu iko chini: goti limenyooka. Goti likinyooka, chuma cha kiatu kinalala bapa juu ya kingo zake zote mbili. Chuma kilicholala hakichori pinde, na bila pinde mwili hauna sababu ya kuinama upande wowote, kwa hiyo kila unachofanya na mikono kinaonekana kimebandikwa. Hata masikio yanatambua: ukingo uliozama hutoa mlio mzito, mfupi, kisha kimya, chuma kilicholala hukwaruza.

Dawa yake fanya kila asubuhi kabla ya kugusa mruko wowote. Vuka upana wa uwanja, mita 30, kwa nusu duara nne tu, kila moja kwa mguu mmoja: kwanza ukingo wa nje ukienda mbele, halafu wa ndani, kisha kingo zote mbili ukirudi kinyumenyume. Zama na goti mwanzoni, panda taratibu ukifika katikati, zama tena kabla ya kubadili mguu. Ukilazimika kujisukuma katikati ya duara, ujue ulipanda mapema mno. Hapo tu ndipo uongeze mikono, nayo ianzie mgongoni, chini ya bega, ipite kwenye kiwiko, vidole viwe vya mwisho kufika. Wewe unaanza na vidole, ndiyo maana mabega yanapanda hadi masikioni kila unapochoka.

Muziki nao uufanyie kazi ukiwa umekaa. Chukua karatasi, andika sekunde za programu ndefu kuanzia 0:00 hadi 4:00, uweke alama mahali ambapo muziki unavuta pumzi, unapopanda na unaponyamaza. Kisha tazama video yako bila sauti ukiwa na karatasi hiyo mkononi. Kama huwezi kuotea uko sekunde ya ngapi kwa kutazama mwili wako tu, maana yake unateleza kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho. Majaji wanatafuta tofauti: haraka na polepole, kikali na laini, juu na chini. Kimya cha 2:05 umekijaza hatua tatu ndogo. Ziondoe, simama juu ya ukingo mmoja hadi ngoma irudi.

Tatizo kubwa zaidi liko kabla ya miruko. Koreografa, yule aliyekutungia programu, alikuwekea roka, ile hatua ya kugeuka kwa mguu mmoja, na mkono wa kushoto unaopanda kabla ya ule mruko wa pili. Kwenye mashindano roka haikuwepo: ulipishanisha miguu mara sita, macho kwenye barafu, muziki ukapita. Naijua sababu, unaogopa kupoteza kasi. Basi rudisha roka kwa kuruka mizunguko mitatu kwanza, wiki mbili mfululizo, ndipo uiweke ile minne. Faida ni mara mbili: kuingia kwa hatua na kuruka pamoja na muziki ni miongoni mwa mambo yanayopandisha alama ya utekelezaji wa mruko, ile inayotoka -5 hadi +5.

Ukianguka, umeshakatwa pointi 1 na mruko umeshuka thamani. Usikimbilie hatua zilizokupita. Inuka, sikiliza, ingia pale muziki ulipofika. Anayefukuza hatua alizozikosa huonekana amechelewa kwa dakika nzima, na hapo uwasilishaji unaporomoka kuliko anguko lenyewe lilivyogharimu.

Jambo moja nataka ulisikie kwangu. Mjomba wako akisema mikono hiyo ni ya kike, asikuyumbishe. John Curry wa Uingereza alikatazwa na baba yake kucheza dansi akiwa mtoto. Akaruhusiwa kuteleza kwa kuwa ni michezo. Alichukua mistari ya baleti akaiingiza kwenye barafu, na mwaka 1976 akatwaa dhahabu ya Olimpiki kule Innsbruck. Na mjomba huyohuyo anapenda goma la Lamu, wanaume wamejipanga ndani ya kanzu, bakora mkononi, mwendo wa taratibu, bega linasema kila kitu. Hakuna anayewauliza uanaume wao. Utulivu ule ndio ninaoutaka kwenye mfuatano wako wa hatua: usitikise kichwa ili waone una hisia, wacha mgongo ufanye kazi.

Vazi: vifungo vya kwapani vishonwe upya, kipande kikidondoka kwenye barafu ni pointi 1. Livae mazoezini, programu nzima, kabla ya kusafiri nalo.

Mara tatu kwa wiki pitia programu ndefu bila mruko wowote, kwa kasi kamili, muziki ukiwa juu. Usipunguze baada ya dakika ya tatu, hapo ndipo goti lako hunyooka. Ya Jumamosi nirekodie kwa kamera iliyosimama juu kwenye viti, isikukaribie wala isikatwe, nione uwanja mzima na unavyoutumia.

Mama yako