Barua kwa mdogo wangu wa mwaka wa kwanza, kuhusu chipsi za saa nne usiku

Mdogo wangu,

Hujambo? Masomo yanakwendaje hapo Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam? Mama kaniambia nguo ulizoondoka nazo zimeanza kukubana, na kwamba umeapa kutokula usiku mpaka kieleweke. Nakuandikia hadharani kwa sababu wenzako wa chumba nao wamo humohumo, na najua mtasomeana.

Kwanza ondoa hofu. Wamarekani wana msemo wa siku nyingi kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huongezeka pauni 15, karibu kilo 7. Mwaka 2015 matokeo ya tafiti nyingi yalikusanywa pamoja, wastani ukawa kama kilo 1.4 tu, na wengine hawakuongezeka kabisa. Kwa hiyo kilo mbili si msiba. Kinachonitia wasiwasi ni mtindo wa kula ulioanza nao, maana huo una miaka mitatu mbele yake.

Nyumbani ulikuwa unakula kwa saa za mama. Chai asubuhi, ugali mchana, usiku wali, vyombo vinaoshwa, jiko linazimwa, basi. Sisi wala hatukuwa na nidhamu yoyote, nyumba ndiyo iliyokuwa nayo. Huko hakuna wa kukuzimia jiko. Una kipindi saa moja asubuhi, unaruka chai. Saa sita unakimbilia kumbi za mihadhara za Yombo na andazi mkononi. Mchana unapitisha kwa soda. Halafu njaa yote ya siku inakusubiri saa nne usiku, mnapotoka kupiga desa, yaani kujisomea, na kaka wa chipsi bado yupo, taa inawaka, harufu imejaa njia nzima.

Siku moja simama umtazame anavyofanya. Viazi alishavikaanga tangu jioni, viko kwenye kabati la kioo. Ukiagiza zege, yaani chipsi mayai, anamimina mafuta kwenye kikaango, anamwaga viazi, anavunjia mayai mawili juu yake, anaacha upande mmoja ushike, anageuza kwa kufunika na sahani, kisha anazungushia mafuta mengine pembeni ili isigande. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori kama 120, na yeye kijiko hana, anamimina kutoka kwenye kidumu. Hapo hujaagiza soda. Soda nyingi zina gramu kama 10 za sukari katika kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya mililita 350 ni vijiko vya chai vinane mpaka tisa. Hebu jaribu kumtilia bibi sukari hiyo kwenye kikombe cha chai uone atakavyokuangalia! Shirika la Afya Duniani linasema ni vizuri sukari ya namna hiyo ikibaki chini ya gramu 25 hivi kwa siku. Chupa moja tayari imepita.

Sisemi usile chipsi. Mimi mwenyewe nazila, tena na pilipili nyingi. Ninachokuomba ni kwamba zege isiwe mlo wako wa kwanza wa maana kwa siku nzima. Kula mchana, ushibe. Mama ntilie ana wali maharage na mchicha, ana ugali dagaa na matembele. Mwambie apunguze wali, aongeze maharage na mboga. Maharage yanakaa tumboni. Ukishiba vizuri saa saba, ile saa nne usiku utampita kaka wa chipsi na kumsalimia tu.

Ndiyo maana kiapo chako cha kulala njaa sikiungi mkono. Utavumilia siku tatu, ya nne utakula za siku zote.

Halafu kuna suala la bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu. Likisoma, yaani likiingia, wiki mbili ni kuku na baga Mlimani City. Likikata, ni chapati, maandazi na chipsi kavu, maana ndivyo vinavyojaza tumbo kwa hela ndogo. Watu wanadhani mtu hunenepa wakati wa neema tu. Tazama vizuri hiyo sahani ya wakati wa dhiki: unga, mafuta, sukari, mboga hakuna. Siku bumu linaposoma, nenda kwa mama ntilie wako kabla hujaenda kokote, umlipe chakula cha mchana cha mwezi mzima, aandike kwenye daftari lake. Hela iliyokwisha kuliwa kwenye daftari haiwezi kuwa baga.

Usingizi nao unahusika, usicheke. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwalaza vijana 12 wa kiume wenye afya kwa muda wa saa nne tu kila usiku, siku mbili mfululizo. Homoni ya kuleta njaa ilipanda, ya kuleta shibe ikashuka, na walichotamani zaidi kilikuwa vyakula vitamu, vya chumvi na vya wanga. Wiki ya mitihani mnajifanyia utafiti huohuo bila malipo.

Kutembea sina haja ya kukuhubiria, chuo chenyewe kiko kilimani. Acha tu bodaboda ya kutoka hosteli kwenda darasani. Dakika 150 za kutembea kwa haraka kwa wiki ndizo za chini zinazoshauriwa kwa mtu mzima, na wewe unaweza kuzimaliza kwa kwenda vipindi tu.

Jambo jingine, la dada kwa mdogo wake: kama unachoma ile sindano ya miezi mitatu, ujue kwa baadhi ya wanawake huongeza uzito. Usiiache kimyakimya. Mwone nesi, kuna njia nyingine.

Desemba ukija nyumbani, shangazi atakwambia umenawiri, chuo kimekukubali. Huko bwenini kuna atakayekuita bonge. Wote wawili waache waseme, hakuna aliyekuja kukupima presha wala sukari. Kigezo chako kiwe ngazi: ukipanda ghorofa tatu bila kuhema, unaendelea vizuri.

Na hiyo poda ya kukata tumbo uliyoniulizia, inayouzwa kwenye status ya rafiki yako, usinunue. Haina hata karatasi ya kusema ndani kuna nini. Hela hiyo katafute raba nzuri soko la mitumba la Karume, namba yako 39, uangalie soli isiwe imeisha.

Dada yako