Kwenu mabinti mnaofuma

Wajukuu zangu,

Hamjambo huko. Habari za kikundi chenu zinanifikia: mmeanza kuuza, na bei zinawatoa jasho. Mteja anakuja na simu, anawaonyesha blauzi ya kroshia ya elfu kumi na tano, anauliza kwa nini ya kwenu arobaini. Nanyi mnashusha. Hapo ndipo nina neno.

Sweta la sindano mbili, sawa, mashine inaliweza. Mwingereza William Lee alibuni mashine ya kufuma soksi mwaka 1589, na viwanda havijalala tangu hapo. Ila kroshia, ile ya sindano moja yenye ndoano, mpaka leo haijapata kiwanda chake. Mashine huiga sura tu. Basi hata hiyo blauzi ya simuni, kama ni kroshia ya kweli, kuna mama aliyekaa akaifuma, na amepunjwa. Msishindane naye kupunjwa. Tajeni bei yenu, kisha nyamazeni.

Lakini pesa zisiwasahaulishe anayekwenda kuvaa. Wapeni wawili kati yenu uzi uleule na sindano ileile, wahesabu vitanzi sawasawa. Mmoja atatoa kitambaa kigumu, mwenzake kilaini na kipana zaidi. Ni mkono huo. Ukifuma na hasira unakaza, mpaka sindano inagoma kuingia kitanzini. Ndiyo maana kazi aliyoianza mwingine mimi siimalizii. Pale mikono ilipobadilika pataonekana tu. Mtu akipenda kofia uliyomfumia, anapenda mkono wako huo, hata kama hajui kulisema.

(Na mnaocheka vitambaa vya makochi vya mama zenu, vigeuzeni kwanza mtafute uzi ulipoishia. Mkiuona, nami nitacheka.)

Kwa hiyo mkiletewa kazi ya kofia, ulizeni kwanza ni ya nani. Mtoto wa Njombe mwezi wa saba anataka sufu. Wa Dar mtampika kichwa bure, mfumieni pamba. Pimeni kichwa chenyewe, msikisie. Kwa kichanga msiache matundu makubwa wala nyuzi zinazoning'inia ndani, vidole vyake hunasa humo. Na kama mmejua jina lake, litajeni mkiwa mnafuma. Mtaona mnavyofumua wenyewe palipokosewa bila kusukumwa.

Mwezi wa sita nakuja. Tutafuma kisigino cha soksi, najua mnavyokikwepa. Kila mmoja aje na sindano zake tano, zile fupi zenye ncha pande zote mbili. Za kuazimana sitaki kuziona.

Bibi yenu